Mgombea wa pembeni Marekani, aingie chama kikubwa au aendelee kusindikiza?

Machi mosi 2016, jioni, niko kwenye foleni ya shule moja kaskazini mwa Minneapolis, baridi inapenya mpaka kwenye soksi, watu wamejipanga kuanzia mlangoni hadi kwenye parking. Mbele yangu kijana wa Kisomali na baba yake mwenye fimbo, nyuma yangu dada wa Kikenya amevaa sare ya kazi ya usiku, kila dakika anaangalia saa. Ule ulikuwa mkutano wa mchujo wa Democrats, wenyewe wanaita kokasi, yaani unaingia darasani unaandika jina la unayemtaka kwenye kikaratasi unatumbukiza umemaliza. Darasa letu vikaratasi viliisha. Mama mmoja aliyekuwa anasimamia akachukua daftari akaanza kuchana kurasa, kila mtu nusu ukurasa, na mimi kwenye nusu yangu nikaandika Bernie tu maana sikuwa na uhakika hiyo Sanders inaandikwaje.

Usiku ule Sanders alimchapa Hillary Clinton hapa Minnesota, 61 kwa 38. Nilichokuja kukielewa baadaye, na ndo kimenifanya niandike hii, ni kwamba yule mzee Sanders hakuwa Democrat. Ameingia bungeni Washington tangu 1991 kama mgombea binafsi. Na kabla ya hapo, miaka ya sabini huko Vermont, aligombea mara nne kwa tiketi ya kachama kadogo kalichoitwa Liberty Union, useneta mara mbili ugavana mara mbili, na siku yake nzuri kuliko zote alipata asilimia 6. Mtu yule yule, maneno yale yale kuhusu mabilionea na mishahara (ukisikiliza rekodi zake za zamani utacheka, hajabadilisha hata sauti), 2016 akapata zaidi ya kura milioni 13 kwenye mchujo wa chama ambacho sio chake.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema usije ukasoma mpaka chini ukidhani nitauma na kupuliza. Mtu wa pembeni anayeutaka urais wa Marekani kweli, au hata kama urais hautaki ila anataka hoja yake isikike, apite kwenye mchujo wa chama kikubwa. Ila aingie na watu wake na hela zake, sio aingie kama mgeni aliyekaribishwa chai.

Najua ukimwambia mtu wa nyumbani habari hii jibu lake la kwanza ni kwamba huyo msaliti, kaunga mkono juhudi. Tatizo letu ni neno lenyewe, chama. Kwetu Tanzania chama kina mwenyewe. Kuna kadi, kuna kamati kuu, kuna Dodoma, majina yanapelekwa kule yanakatwa, Lowassa alikatwa Julai 2015 akiwa na umati nyuma yake na ikabidi ahamie CHADEMA ambako alipata karibu asilimia 40 ya kura za nchi nzima. Na bila chama hugombei kabisa, marehemu Mchungaji Mtikila alihangaika na kesi ya mgombea binafsi miaka na miaka, mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa ushindi mwaka 2013, na bado kwenye karatasi zetu mgombea binafsi hayupo. Kwa hiyo tukisikia fulani kahamia chama kikubwa akili inakimbilia kwenye kununuliwa.

Marekani chama ni kama stendi ya mabasi. Jengo lina jina, ndani kuna wazee wamezoea viti vyao na wana dharau zao, lakini basi lenye vibali vyake linaingia kupakia abiria na wale wazee wanabaki kunung'unika. Hakuna kadi ya uanachama unayolipia. Michujo mingi inaendeshwa na serikali ya jimbo, kwa hela ya jimbo, na karani wa jimbo. Hapa Minnesota ukijiandikisha kupiga kura hata hawakuulizi chama gani. Ndo maana tajiri wa majengo ambaye hajawahi kuwa hata diwani aliweza kuingia Republicans 2015, viongozi wa chama wakamkataa hadharani mmoja baada ya mwingine, na bado akaibeba tiketi. Kwa CCM au kwa chama chochote nyumbani hilo haliwezekani, lingekufa kwenye kikao cha kwanza.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt, rais mstaafu, alimshinda Taft, rais aliyekuwa madarakani, kwenye michujo mingi ya Republicans, mpaka Ohio nyumbani kwa Taft alimshinda, halafu mkutano mkuu Chicago ukampa Taft. Roosevelt akatoka na chama chake, akapata asilimia 27 na kura za wajumbe 88 (hao ni wajumbe wa majimbo, ndo wanaomchagua rais), Taft akaambulia 8, na Woodrow Wilson wa Democrats akapita katikati yao na asilimia zisizofika 42. Na 1968 Hubert Humphrey, wa hapa hapa Minnesota, alipewa tiketi ya Democrats bila kushiriki mchujo hata mmoja, huku nje vijana wanapigwa virungu na polisi wa Chicago. Baada ya aibu ile ndo sheria za chama zikabadilishwa, na kuanzia 1972 anayeshinda michujo ndo anayepata tiketi. Kwa hiyo mtu wa leo akikutajia Roosevelt kama ushahidi kwamba chama kikubwa kitakufungia mlango, mwambie mlango ule ulishang'olewa bawaba.

Sasa siasa haina maabara, huwezi kumrudisha mtu akagombea upya kwa njia nyingine uone. Isipokuwa Marekani kuna watu wamefanya kitu hicho hicho kwa hiari yao. Chukua Ron Paul. 1988 aligombea urais kwa chama cha Libertarian, akapata kura kama 432,000 nchi nzima, haifiki hata nusu ya asilimia moja, hakuna aliyemjua. 2008 na 2012 akarudi na hoja zile zile za benki kuu na vita, neno kwa neno, lakini safari hii ndani ya mchujo wa Republicans. Siku moja tu, Desemba 16, 2007, watu walimchangia dola kama milioni 6 kwa intaneti. 2012 akapata kura zaidi ya milioni 2. Tena kumbuka kura za mchujo ni chache kuliko za uchaguzi mkuu wa Novemba, kwa hiyo alivua samaki wengi kwenye bwawa dogo.

Pat Buchanan yeye alifanya kinyume chake. 1996 alishinda mchujo wa New Hampshire wa Republicans, akamtetemesha mpinzani wake mkuu Bob Dole, jumla akapata kura kama milioni 3. 2000 akahama akachukua tiketi ya Reform, chama alichoanzisha Ross Perot, na chama kilikuwa na haki ya ruzuku ya serikali ya dola milioni 12.6 kwa sababu ya kura alizopata Perot 1996. Hela ipo, jina lipo, akapata asilimia 0.4. Na mchujo ule ule wa Reform mwaka 2000 alikuwepo kwa muda mtu mwingine akaona hamna kitu humo akajitoa Februari, anaitwa Donald Trump. Wengi wameshasahau. Alikaa miaka kumi na tano akarudi kupitia Republicans, na mengine mnayajua.

Kwanini tofauti iwe kubwa hivi? Watu wanapenda kusema vyombo vya habari, njama, matajiri. Yapo hayo. Ila kubwa ni hesabu. Urais unahitaji kura za wajumbe 270 kati ya 538, na kwenye majimbo 48 pamoja na Washington DC anayeongoza hata kwa kura moja anabeba zote. Ross Perot mwaka 1992 alipata asilimia 19, watu karibu milioni 20, Maine na Utah alishika nafasi ya pili kabisa, na kura za wajumbe alipata sifuri. Sifuri. Mara ya mwisho mtu wa nje ya vyama viwili kushinda majimbo ni George Wallace 1968, majimbo matano ya kusini kwa siasa za ubaguzi. Na hata ukifanya muujiza ukazuia wote wasifike 270, uamuzi unaenda kwenye Bunge la Wawakilishi ambako kila jimbo lina kura moja na wabunge karibu wote ni wa vyama vile vile viwili. Sasa hapo unategemea nani akuchague?

Kabla hata ya hiyo kuna kazi ya kuingia tu kwenye karatasi, na kila jimbo lina masharti yake. Texas mwaka 2024 mgombea binafsi alitakiwa kuleta saini zaidi ya 113,000, na aliyepiga kura kwenye mchujo haruhusiwi kukusainia. New York saini 45,000 ndani ya wiki sita. Robert Kennedy Jr. alizipeleka, halafu jaji akamtoa kwa sababu anwani aliyojaza haikuwa makazi yake ya kweli. Hela ambayo ingelipia matangazo inaishia kwa mawakili na vijana wa kukusanya saini nje ya supamaketi. Ukimaliza hayo yote mdahalo unataka asilimia 15 kwenye kura za maoni, kizingiti ambacho tangu kiwekwe hakuna mtu wa tatu aliyekiruka. Wakati mchujo wa Democrats wa 2019 ilitosha kuwa na asilimia 1 kwenye kura za maoni au wachangiaji 65,000, na ndo Andrew Yang ambaye hakuwahi kushika hata ofisi ya mtaa akasimama jukwaani mbele ya mamilioni akielezea dola elfu moja kila mwezi kwa kila mtu mzima. Baadaye akatoka akaanzisha chama chake. Mara ya mwisho umekisikia lini?

Kuna na lile kovu la Nader, siwezi kuliruka. Florida 2000, Bush alimshinda Gore kwa kura 537. Ralph Nader wa chama kidogo cha Green alikuwa na 97,488 jimbo lile. Watetezi wake wanasema sio kosa lake, kuna Democrats kibao wa Florida waliompa Bush, na kuna zile karatasi za Palm Beach zilizochanganya wazee wakampigia Buchanan bila kujua. Sawa, ni kweli. Lakini fanya hesabu mwenyewe: ingetosha mtu mmoja tu katika kila 181 wa Nader aende kwa Gore, ukishatoa wale ambao wangempa Bush, na historia ni nyingine. Mi kinachonishangaza zaidi ni kwamba lengo la Nader mwenyewe lilikuwa afike asilimia 5 ili Green wapate ruzuku, akaishia 2.7. Yaani hakupata alichokitaka na bado akabeba lawama ya maisha. Sanders alivyoanza 2015 alisema wazi hatakuwa mgawa kura, na ukiangalia ya Florida unamwelewa.

Haya, sasa upande wa pili, maana sitaki uone kama nauza kiwanja chenye mgogoro bila kukwambia.

Kwanza mlango uko wazi zaidi pale rais aliyepo hagombei. Rais akiwa anatetea kiti chama kinajifungia. 2024 chama cha Democrats Florida kilipeleka jina moja tu, la Biden, na mchujo ukafutwa. Dean Phillips, wakati huo mbunge wetu wa hapa Minnesota, alikuwa amejitosa kumpinga, hakupelekwa. Kennedy naye alianzia humo humo Democrats Aprili 2023, akaona hapati nafasi, Oktoba akatoka kuwa mgombea binafsi, Agosti iliyofuata akajitoa akamuunga mkono Trump, na leo anaitwa waziri wa afya. Sasa we niambie, nguvu yake aliipata wapi mwishowe, kwenye zile saini au kwenye meza ya chama kikubwa?

Pili kuna majimbo ya mchujo uliofungwa. New York 2016 aliyetaka kubadilisha chama alitakiwa awe amefanya hivyo mwezi wa kumi 2015, miezi sita kabla. Wafuasi wa Sanders kibao waligundua siku ya kupiga kura. Lakini sio wao tu, Ivanka na Eric walishindwa kumpigia baba yao mzazi. Hii inaumiza watu wa pembeni kuliko wengine kwa sababu watu wao ndo hao ambao hawana chama. Dawa yake ni kuanza mwaka mzima kabla kuwaandikisha watu, kazi ya kuchosha isiyo na kamera, na wagombea wa pembeni wengi wanapenda kamera.

Tatu, wajumbe, na hapa nasema wale wa mkutano mkuu wa chama, sio wale 538. Kuna msemo ulienea sana Tanzania baada ya kura za maoni za 2020, wajumbe sio watu. Democrats 2016 walikuwa na wajumbe wakubwa zaidi ya 700, wabunge na magavana na wazee wa chama, ambao kura zao hazikufungwa na mchujo wowote, na wengi wao walishajitangaza kwa Clinton kabla hata mtu wa kwanza Iowa, jimbo linaloanza kupiga kura, hajaamka. Halafu barua pepe za makao makuu zikavuja Julai, ikaonekana watumishi wa chama wanamsema vibaya Sanders, mwenyekiti akajiuzulu. Kwa hiyo ndiyo, uwanja ulikuwa na mlima. Ila angalia kilichofuata: 2018 chama kikawanyang'anya wale wajumbe kura ya duru ya kwanza. Nader hakuwahi kubadilisha kanuni yoyote ya Democrats. Huyu alishindwa na akabadilisha kanuni. Na mwaka huo huo dada mmoja aliyekuwa kwenye kampeni yake, Alexandria Ocasio-Cortez, akamng'oa kigogo wa chama kwenye mchujo wa New York.

La mwisho ndo linanisumbua kweli, kumezwa. Wakulima wa magharibi na kusini walikuwa na chama chao, Populists, 1892 mgombea wao Weaver alipata kura za wajumbe 22, sio mchezo. 1896 wakaamua wampe tiketi yao Bryan wa Democrats, na baada ya hapo chama kikafifia mpaka kikafa. Ukiishia hapo unasema hao walijiua. Lakini mambo yao, kodi ya mapato na maseneta kuchaguliwa na wananchi, yaliingia kwenye katiba 1913. Chama kimekufa, madai yamepita. Mimi hapo sijui nipeleke rambirambi au pongezi.

Na usifikiri kuingia ndani ni mpaka uwe na mgombea. Mwaka 2024 watu waliokasirishwa na vita vya Gaza walienda kwenye mchujo wa Democrats wakapigia kura kisanduku cha "sina upande". Michigan walifika zaidi ya 100,000. Hapa Minnesota walipata karibu asilimia 19 na wajumbe 11, wakati Phillips kwenye jimbo lake mwenyewe hakufika 8. Kisanduku kisicho na jina kikamshinda mbunge! Kazini kwetu nilikuwa na wenzangu wa Kisomali waliozunguka na simu msikitini wiki nzima kuwafundisha wazee kile kisanduku kiko wapi kwenye karatasi. Agosti wajumbe wao wakaenda Chicago kwenye mkutano mkuu wa chama wakaomba Mpalestina mmoja tu apewe dakika chache jukwaani, wakanyimwa, wakalala nje ya ukumbi. Novemba baadhi yao wakampa Jill Stein wa Green. Stein jimbo zima la Michigan alipata kama 44,000 na Trump alishinda kwa kura kama 80,000, kwa hiyo hata lawama ya Nader hawakuipata, walipita kama hawapo. Wale laki moja wa Februari walinyimwa jukwaa, ni kweli, lakini kwa miezi sita kila kiongozi wa Democrats aliyekwenda Michigan aliulizwa habari zao. Nani aliulizwa habari za wale 44,000?

Jamaa yangu mmoja hakubaliani na mimi, anasema hiyo ni kuulizwa tu, waliulizwa na vita vikaendelea. Hapo sina jibu la kumnyamazisha. Nachomwambia ni kwamba mlango wa pili, ule wa Green, haukuleta hata kuulizwa.

Halafu kuna wanaonitajia Jesse Ventura, mcheza mieleka aliyechukua ugavana hapa 1998 kwa tiketi ya Reform, asilimia 37 tu zikatosha, akamshinda mtoto wa Humphrey. Hiyo ni kweli na ilikuwa raha, ila ugavana ni jimbo moja kura zinajumlishwa pamoja, sio wajumbe wa majimbo 50. Na yeye mwenyewe alitoka Reform Februari 2000, hata muhula haujaisha.

Nikiwa Minnesota siwezi kusahau kwamba hapa palikuwa na chama cha tatu chenye nguvu kweli, Farmer-Labor, chama cha wakulima na wafanyakazi, kilitoa magavana miaka ya thelathini, Floyd Olson na wenzake, Democrats wakati huo ndo walikuwa wasindikizaji. 1944 wakaungana, Humphrey akiwa mmoja wa waliopika ule muungano. Mpaka leo kwenye karatasi ya kura ya hapa, pembeni ya jina la mgombea urais wa Democrats hawaandiki Democrats peke yake, wanaandika Democratic-Farmer-Labor, yote hiyo. Novemba 2024 tumetoka kupiga kura, yule mzee mwenye fimbo wa siku ile ya vikaratasi (ndiyo, tumekuwa majirani) akanishika bega kwenye ngazi akaniuliza kwa Kiswahili chake cha Mombasa, mwanangu, hao wakulima walioandikwa pale ndio akina nani, na mbona sikuwahi kuwaona hata kwenye mkutano?